Mjomba wa Ashraf Yuko Vitani

Mkunya, 2 Juni 2007

Mdogo wangu Tahiri,

Salamu nyingi. Sisi wazima, ila Mama mguu unamsumbua. Wewe je? Simu yako inaita tu, basi barua hii nimempa kondakta wa basi.

Ashraf kidonda kimepona, na Jumamosi tarehe 23 wanatoka jandoni. Baba yake yupo, lakini wajua kwetu mjomba ndiye anayempokea mtoto, kumvika nguo mpya na kumpa jina la ukubwani mbele za watu. Mjomba wake ni wewe tu. Abdulkadiri, aliyerudi kijijini juzi, kaniambia huko Masasi unashinda kafe ya intaneti, unacheza mchezo wa kompyuta mpaka macho mekundu. Nimemkatalia. Nimekosea?

Dada yako,
Sikuzani

Mkomaindo, Masasi, 11 Juni 2007

Dada Mama Ashraf,

Shikamoo. Mimi mzima, mpe Mama pole.

Abdulkadiri hajasema uongo. Lakini dada, huu si mchezo wa karata. Tupo watu wa nchi nyingi, tumejenga ngome yetu humo mwaka mzima, na jemadari wao ni mimi. Nilipougua malaria, Mfini mmoja wa huko Ulaya, nisiyemjua hata sura, aliniulizia humo kila siku. Mwenye ghala ninakobeba korosho hakuniuliza hata mara moja. Jumamosi hiyo hiyo adui anatuvamia. Nisipokuwepo, ngome inaanguka. Haiwezekani watoto watoke Jumapili?

Mdogo wako,
Tahiri

Mkunya, 14 Juni 2007

Tahiri,

Marahaba. Tunaendelea vizuri.

Watoto watoke Jumapili! Kijiji kizima kikusubiri wewe umalize kucheza? Nilicheka, halafu nikalia. Namshukuru huyo Mfini. Mimi dada yako hukuniambia kama uliumwa.

Baba yake akipeleka chakula huko porini, Ashraf anauliza kitu kimoja, mjomba atakuja? Anamjibu utakuja. Mshika mawili moja humponyoka, mdogo wangu. Usiniaibishe.

Dada yako,
Sikuzani

Mkomaindo, Masasi, 25 Juni 2007

Dada,

Shikamoo. Sijui nianzie wapi.

Tumeshinda. Nilipanga nicheze alfajiri, kisha niwahi basi la asubuhi. Vita havikuisha. Nilipoinuka kitini jua lilikuwa linazama. Wenzangu walinisifu sana, nami nilikuwa nalia na hawakuniona.

Kanzu ya Ashraf ninayo hapa. Naja Ijumaa. Mwambie niliumwa, nakuomba.

Mdogo wako,
Tahiri

Mkunya, 27 Juni 2007

Tahiri,

Mama mguu umepata nafuu.

Kila mtoto alipotajwa, mjomba wake aliinuka. Alipotajwa Ashraf hakuinuka mtu. Alisimama peke yake mpaka ngoma zikanyamaza. Baba yake alitaka kwenda, wazee wakamzuia. Ndipo jirani yetu Swalehe, ambaye hata undugu hatuna, akavua shuka lake mwenyewe akamfunika.

Sikumwambia uliumwa. Nilimwambia ulikuwa unacheza. Jana, barua yako ilipofika, akauliza kama ulishinda. Nikamwambia ulishinda.

Ijumaa njoo, mlango haujafungwa. Ila usimwite Ashraf, jina hilo haliitikii tena. Jipya kapewa na Swalehe, na mimi siliandiki humu. Muulize mwenyewe.

Sikuzani