Mwandiko wa Zita

Kijiji cha Ujamaa Pito,
S.L.P. Sumbawanga.
14 Machi 1976

Kwa kaka yangu Modesti,

Tumsifu Yesu Kristu. Shikamoo kaka. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na lile jino lililokusumbua limetulia. Sisi huku hatujambo. Mama anakohoa kidogo asubuhi kwa ajili ya baridi, lakini shamba la kijiji haachi kwenda, na katibu wa kijiji anagombana naye njia nzima. Mahindi yamesimama vizuri. Namwomba afande wa gereza atakayeisoma kwanza anivumilie, maana safari hii ni ndefu.

Barua yako ya Februari nimeipata. Umesema useremala umeushika, na Pasaka ikipita miaka yako mitatu ya yale mahindi ya magendo itakuwa imekwisha. Sehemu hiyo nilimsomea mama mara mbili. Kisha umeniagiza nianze kufyatua matofali ya nyumba yako na Zita, milango utatengeneza mwenyewe. Kaka, sijafyatua hata moja. Si uvivu, ingawa najua ndivyo utakavyosema.

Mwaka ule wa kwanza uliniandikia kwamba wenzako huko ndani wanausifu mwandiko wa mchumba wako. Mwandiko ule ni wangu. Nilikudanganya kwamba masista wamemfundisha, kumbe alikuwa hajui hata a. Alikuwa anakuja jioni, anakaa jikoni na mama, ananiambia la kusema, nami naandika. Akisema nikwambie tu kwamba anakukumbuka, mimi najaza nusu ukurasa. Nilijiona fundi kweli kweli. Uliposifu nikanyamaza, na yeye sikumwambia kwamba unadhani anaandika mwenyewe. Nilifikiri tutakuja kulicheka siku ukirudi.

Halafu kisomo cha watu wazima kikaja, nikapewa darasa la akina mama. Zita alishika upesi kuliko wote. Juni mwaka jana, tukiwa kwenye mavuno ya ulezi, akanipa karatasi aliyoiandika kwa mkono wake, akaniomba niitie kwenye bahasha na kuipeleka posta mjini. Alikuwa na furaha sana. Niliisoma njiani. Alikueleza kwamba kwao wamepokea mshenga kutoka kijiji cha Kate, na yeye amekataa, ila peke yake hataweza kukataa siku nyingi. Alitaka umjibu neno moja tu, akungoje au asikungoje. Ukisema angoje, atangoja, hata wakimfukuza nyumbani.

Ningeituma kama ilivyo, kaka. Lakini herufi zake zilikuwa zinapanda na kushuka, na wewe ungejua mara moja kwamba zile zote za nyuma hakuziandika yeye. Mimi mwalimu ningeonekana mwongo kwako na kwake. Nikakaa nje ya posta, nikainakili kwa mwandiko wangu mzuri. Nilipofika kwenye habari za mshenga nikaona ya nini kukuumiza roho na wewe umefungwa, huna la kufanya. Nikaruka. Mahali pake nikaweka habari za mavuno.

Jibu lako likaja Agosti. Ulimweleza jinsi ya kupiga randa, na kwamba mbao za huko ni ngumu. Safari hii hakunipa nimsomee. Alisoma mwenyewe, kidole kikifuata mstari, akafika mwisho, akarudi mwanzo. Kisha akasema, "Hajanijibu."

Nilikuwa nimesimama mbele yake, kaka, na sikusema kitu. Akaikunja barua, akanishukuru kwa kumfundisha kusoma, akaenda zake. Oktoba aliolewa Kate, na nasikia sasa ni mjamzito. Mama anadhani unajua na umeridhika, maana hivyo ndivyo nilivyomwambia. Barua mbili ulizozipata baada ya hapo, ya Krismasi na ya Januari, zenye jina la Zita chini, nilizitunga mwenyewe kutoka mwanzo hadi mwisho.

Najuta, Modesti. Sijui neno kubwa zaidi ya hilo. Nimepita kwa padre, naye akasema nisirudi kwake kabla sijakwambia wewe. Usimlaumu Zita hata kidogo, wala wazazi wake. Karatasi yake ya Juni nimeiweka humu ndani, ujionee alivyokuandikia. Makosa yake sijayagusa.

Siku ya kutoka, mama atakuja kukupokea stendi pamoja na shangazi Kristiana. Mimi nitabaki nyumbani. Ukifika, unitendee utakavyoona, sitakimbia.

Mama anakusalimu sana, na shangazi pia, na jirani yetu Gaudensi anasema anakungojea umtengenezee kitanda. Salamu za Zita safari hii sina.

Ni mimi mdogo wako,
Leonardi