Digrii Tano za Kamshafti

Orangeburg, South Carolina
Jumatatu, 14 Oktoba

Kwako Dada Ernestine,

Pokea salamu za mdogo wako Wendell. Natumaini ile sindano ya goti imekusaidia na unapanda ngazi bila kushika ukuta. Mimi nipo, nazeeka tu; mgongo ndio usiseme. Kanisani wanakuulizia, hasa Mama Odessa, ambaye bado anadai pai yako ya viazi vitamu ilizidi sukari.

Najua simu ingefika upesi. Lakini kwenye simu ungenikatiza, nami ningepata pa kukimbilia.

Ni habari ya ajali ya Jerrica. Kabla ya mbio zile za pikipiki za Agosti dhidi ya Lucious, mwanao alinijia gereji akasema, "Mjomba, hii Suzuki yako kuukuu mbele huko inaruka, lakini mwanzoni inasinzia. Niamshie." Kazi hiyo ni ya kamshafti, ile shafti inayofungua na kufunga valvu. Ukiisogeza digrii chache, valvu zinafunguka mapema na pikipiki inapata nguvu ya kuondokea. Ukizidisha, valvu zinagonga pistoni. Ndiyo maana kila nikimaliza huweka donge la udongo laini juu ya pistoni, nikazungusha injini kwa mkono, kisha nikapima donge lilivyobonyea. Miaka thelathini na nne nimewafokea mafundi wasiofanya hivyo.

Siku ya mbio Jerrica aliondoka kama risasi, akamwacha Lucious nyuma urefu wa pikipiki mbili. Karibu na mwisho injini ikapiga kelele moja na kukwama, gurudumu la nyuma likajifunga. Nilimwona akiburuzika kwenye lami, nikadhani amekwisha. Mengine uliyaona mwenyewe ulipokuja hospitalini, bega na kifundo cha mkono.

Lucious na wanaume wenzake hawakungoja hata gari la wagonjwa liondoke. "Kakosa gia huyo!" Lucious alipaza sauti. "Mrudisheni saluni!" Maana mtu akikosa gia injini huzunguka kupita kiasi, na valvu hugonga pistoni vilevile. Wakanigeukia mimi fundi. Nikasema, "Huenda alikosa gia." Maneno matatu tu.

Nawe ukamwambia Jerrica pale kitandani kwamba ulimwonya, kwamba mchezo ule si wake. Ulipotoka aliniuliza, "Mjomba, kweli nilikosa? Mbona mguu wangu unakumbuka niliingiza?" Nikamjibu kwamba kwenye kasi ile mwili hudanganya. Tangu hapo kofia yake ya pikipiki ameiuza, na akitoka kazini anakaa tu.

Dada, hakukosa. Septemba niliifungua injini peke yangu, nikafunga bamba la digrii, ile sahani ya kupimia shafti imekaa wapi, nikapima. Nilikuwa nimekusudia mia na tano. Ilikuwa mia kamili; namba ikishuka valvu hufunguka mapema zaidi, na hizo digrii tano ndizo zilizozigongesha kwenye pistoni. Wakati wa kuifunga kamshafti niliusoma mstari wa kipimo vibaya, na siku ile udongo sikuweka. Nilikuwa nimechoka, nikajiambia mikono yangu inajua. Kisha nikanyamaza mwezi mzima.

Jana baada ya ibada nilimwambia Jerrica. Nilitegemea matusi. Aliuliza jambo moja: "Kwa hiyo niliingiza?" Nikasema uliingiza, zote. Akakaa kwenye ngazi za baraza, akalia. Niliponyoosha mkono akasema, "Usiniguse, Mjomba."

Leo nimewafuata Lucious na wenzake, nikawaeleza mbele ya wote. Hakuna aliyecheka. Lucious akasema, "Mzee, nusura umuue." Nikasema ndiyo.

Jumamosi Jerrica anakuja kwako Detroit, na sijui atakaa muda gani. Hatakueleza haya, unamjua. Hasira yako juu yangu niwekee, nitakuja kuipokea mwenyewe atakaponiruhusu. Nisalimie shemeji na majirani wote.

Akifika, dada, usianze na chakula wala habari za safari. Mwambie aliingiza gia zote. Mwambie pale pale mlangoni, kabla hajavua koti.

Mdogo wako,
Wendell