Baba Ameinamisha Kichwa

Kitengela

Kwako ndugu yangu Timothy,

Huko Namanga mko salama? Huku mvua imenyesha, na ule ng'ombe wako mwekundu amezaa ndama jike. Mama anakusalimia sana.

Baba bado haongei tangu pikipiki imgonge kichwa. Daktari alikubali aongezewe tiba ya sindano, ile ya Kichina ya kuchomwa visindano vyembamba kichwani, isaidiane na mazoezi, ila akatuonya tusitarajie makubwa. Jana msichana anayekuja kumchoma hizo sindano aliponyoosha mkono kumshika kichwa, Baba akainama mwenyewe. Mama alipiga vigelegele. Msichana akasema, "Ameanza kuelewa!"

Mimi niliona kingine. Aliinama vile sisi tulikuwa tunamwinamia tukitoka shule, atuguse utosi, salamu ya mtoto kwa mkubwa. Mzee mzima, mbele ya msichana! Sijui kama Mama hakuona, au hakutaka kuona.

Leo asubuhi nikampelekea uji. Akaniinamia mimi.

Najua unaogopa kumwona hivi, lakini njoo. Usimpe mkono kama mwanaume mwenzako. Atangoja tu, kichwa chini, mpaka umguse.

Mimi nilimgusa, Timothy. Akatabasamu.

Dada yako anayekungoja,
Naisula