Kuruthumu Sasa Anaitika

Mtaa wa Mchikichi,
Kariakoo,
Dar es Salaam.
22 Mei, 1977.

Mpendwa mwanangu Shaibu,

Pokea salamu za baba yako mkubwa Uwesu, na marahaba nakupa kabisa kabla hujaniamkia, maana nakujua, shikamoo yako huwa inachelewa kama gari la Nachingwea. Hujambo wewe? Mama Kuruthumu hajambo? Na mama yako Sabaha, mguu wake unamruhusu kwenda shamba au bado anautumia kama kisingizio? Mihogo imebaki au nguruwe wameimaliza? Sisi huku ni wazima, ila mgongo wangu unaniuma kwa kuinamia magodoro, na sukari tunaisikia tu kwa majina. Mwanao Kuruthumu anakula vizuri. Amerefuka mpaka gauni la Idi limekuwa blauzi.

Usiucheke mwandiko. Hiki ni kisomo changu cha watu wazima kinachokuandikia. Mwalimu wa kisomo aliwaambia wenzangu kwamba hajapata kuona mzee wa umri wangu anayeshika kalamu hivi. Sikumwuliza hivi ndivyo vipi, nikachukua sifa yangu nikaondoka.

Sasa sikiliza, Shaibu. Najua Marcelino, yule utingo wa lori, kafika huko na kakusimulia habari ya mtoto, na kasimulia vibaya. Wengine huko wameongeza chumvi. Nasikia mnasema mama wa Kihindi kamtia mtoto dawa masikioni. Nasikia mnasema anachezeshwa ngoma mbele ya masanamu. Hata humu ndani, Bi Severa, mpangaji mwenzangu anayekaanga vitumbua, anawaambia wateja wake kwamba mtoto hakuwa na ugonjwa wowote, alikuwa na kiburi, na kiburi kimetoka kwa vitumbua vyake. Wote hao hawajui kitu. Anayeijua habari hii toka kichwa mpaka mkia ni mtu mmoja, na ndiye huyu anayekuandikia.

Ngoja kwanza, kuna lori limesimama nje.

Si lako. Limeleta vitunguu. Tuendelee.

Ulipomleta mtoto aanze shule, wewe ulikaa siku chache tu ukaondoka, hukuona. Tukiwa wawili chumbani mlango umefungwa, ananisikia vizuri, ananijibu, ananicheka. Tukitoka uani, basi. Unaujua ua wetu: mmoja anatwanga, mwingine anapasua kuni, Bi Severa na karai lake, redio ya jirani haizimwi, na nje huko wanaosukuma mikokoteni wanapiga kelele watu wapishe njia. Hapo ukimwita Kuruthumu, haitiki. Anapita mbele yako kama upepo. Na mtoto wa kike asiyeitika abee kwa mkubwa, unajua mwenyewe anaitwaje. Bi Severa akaja mlangoni kwangu, mikono kiunoni, akaniambia mjukuu wangu kamfanya yeye gogo. Nikamkemea mtoto. Kila mtu akamkemea.

Basi mtoto akaingiwa na woga, akaanza kuitika bila kuitwa. Mtu akigonga bati, abee. Muuza mkaa akipita, abee. Muadhini akianza, Kuruthumu anasimama, abee. Uani wakacheka mpaka wakakaa chini. Mie pia nilicheka, Shaibu. Kisha siku moja nikamwona kaganda katikati ya ua, anageuza kichwa huku na huku, anaitika kwa kila upande, na machozi yanamtoka. Sikucheka tena.

Shuleni nako ni hivyo hivyo. Mwalimu wake akisoma imla, mtoto anaandika kichwa cha neno hili na mkia wa neno lile. Mwalimu ni binti mpole, hakumchapa, lakini alinieleza wazi kwamba darasa limejaa mpaka dirishani, na mtoto asiyefuata atabakia nyuma, na mwishowe itabidi arudi kwenu.

Nikampeleka hospitali. Daktari akamchungulia masikio, akampigia chuma kinacholia, akamnong'oneza huku kaziba mdomo. Kila kitu alikisikia. Daktari akasema masikio ni mazima, shida iko ndani zaidi: sauti zinafika, lakini zinafika zote kwa pamoja, kichwa hakijui ipi imeanza na ipi ingoje. Nikamwelewa upesi kuliko alivyotegemea. Ni kama duka la kijiji siku sukari imeletwa, watu wote wanagombea mlango mmoja, na mwisho hakuna anayepita. Nikamwuliza dawa yake. Akasema dawa ya chupa hana, labda mazoezi, lakini yeye hajui nani anayafundisha huku kwetu.

Hapo ndipo anaingia Taraben. Naye hakuitwa na mtu, aliletwa na kazi yangu.

Taraben ni mama mtu mzima, anakaa ghorofani upande wa Kisutu, na Jumamosi anafundisha watoto wa Kihindi muziki. Ana kinanda cha kuvuta upepo kwa mkono, na zile ngoma zao mbili ndogo zinazopigwa mtu amekaa chini, tabla. Aliniita nimjazie upya magodoro yake ya sufi, maana mjini hapa ukitaka kulala kama mfalme unamwita Uwesu. Nikaenda na Kuruthumu, anishikie mdomo wa kitambaa cha godoro nikishindilia. Sufi ilikuwa inaruka chumba kizima, watoto wanaimba, kinanda kinalia. Taraben akamwita mtoto aje anywe chai. Hakuitika. Akamwita tena, vilevile. Nikaanza kuomba radhi kwa niaba ya adabu zake, yule mama akaninyamazisha kwa kidole. Alikuwa anamwangalia mtoto mguu. Kidole gumba cha mguu kilikuwa kinafuata tabla, pigo kwa pigo, hakikosei.

Akaniambia kwa kile Kiswahili chao, "Mzee, mtoto hii nasikia. Yeye nasikia yote, ndiyo taabu yake. Wewe leta Jumamosi."

Nikampeleka. Na sasa nakueleza kinachofanyika kule, ili mwache habari za dawa na masanamu. Taraben anapiga tabla ya sauti nene na tabla ya sauti nyembamba. Mtoto akisikia ile nene apige goti lake, nyembamba ikilia atulie. Ni hayo tu. Likishamkaa hilo, kinanda kinaingia juu yake, na mtoto aendelee kufuata ngoma, kinanda akiache kipite. Kisha anageuza, afuate kinanda, ngoma aiache. Kisha katikati ya mapigo Taraben anatupa neno: maji, kuku, sahani. Mtoto alidake neno, pigo aliache lianguke. Mwisho kabisa anafungua dirisha, mtaa mzima unaingia ndani na honi zake, na kazi inaanza upya.

Usidhani ilikuwa rahisi. Mwanzo mtoto alipiga goti kwa kila kitu, kama alivyokuwa anaitika kwa kila kitu. Nene anapiga, nyembamba anapiga, mtu akikohoa anapiga. Goti likawa jekundu. Alilia, akajificha nyuma ya magodoro. Nami moyo ulikuwa unaniuma, nikawa namsaidia: ikija ile nene namkonyeza. Mambo yakawa mazuri ghafla, mtoto hakosei hata moja, nikaanza kujisifu. Taraben akasimamisha ngoma.

"Mzee, wewe nasaidia sana," akasema. "Sasa saidia ukuta."

Akanigeuza, nikakaa nimeutazama ukuta kama mtoto mtukutu, mie niliyepiga ngoma kubwa ya beni Lindi, ngoma iliyokuwa ikilia watu wa Mingoyo wanaacha chakula. Na tangu siku hiyo kila Jumamosi nautazama ukuta. Naujua ukuta ule kuliko unavyoujua uso wa mkeo.

Lakini si kwamba sina langu. Siku za katikati ya juma nani alikuwa anamfundisha? Mie, uani, na debe la mafuta. Nikafanya debe lenyewe ndiyo nene, na kifuniko cha sufuria ndiyo nyembamba. Bi Severa akatoa kichwa akaniuliza kama nyumba ya kupanga imegeuzwa kuwa unyago. Nikamwambia wenye umri wake unyago umeshawapita, asihangaike. Hakusema nami siku hiyo, wala kesho yake. Kesho kutwa nikasikia anagonga mwiko kwenye karai, na anagonga sawasawa na debe langu. Ukimwuliza leo atakataa. Lakini akawa anagonga, na mtoto akawa anachagua: debe, kifuniko, karai.

Subiri tena, hili lori limezima injini hapa hapa.

La chumvi. Shaibu, toka Marcelino arudi huko akaniambia kwamba maji ya Rufiji yakipungua tu utapanda lori uje umchukue mtoto, mie sikai. Godoro la watu liko hapa tumbo wazi, sufi inaondoka na upepo. Naandika mstari naenda mlangoni, narudi naandika mwingine. Ndiyo maana barua hii inaruka ruka.

Nikwambie siku yenyewe. Ilikuwa Jumapili, wote tupo, ua umejaa. Kinu kinatwanga, redio inatangaza mpira, karai linachemka. Jirani wa mbele akamwita binti yake kwa sauti kubwa. Nikamwangalia Kuruthumu. Alikuwa anachambua mchele. Hakuitika, Shaibu. Akaendelea kuchambua. Mtu akaangusha ndoo, mtoto akageuka akaiona, akarudi kwenye mchele wake. Mie nilikuwa mlango wa chooni, mbali kabisa na pale. Nikamwita kwa sauti ndogo, kama mtu anayejisemea. "Kuruthumu."

"Abee, Babu."

Bila kuinua kichwa. Bi Severa akazima jiko. Na mie, ambaye unajua sinyimwi maneno, nilirudi chooni nikakaa humo kwanza.

Hajapona kabisa, sitaki ukaambiwe hivyo na Marcelino. Watu watatu wakisema kwa pamoja bado anapotea. Shuleni mwalimu amemhamisha kutoka dirishani, na imla sasa maneno yanakuja mazima, mengine bado yana makengeza. Taraben anasema ni kama magodoro yangu, ukiacha katikati sufi inajikusanya upande mmoja. Inataka aendelee, labda mwaka huu wote.

Ndiyo nakuomba, usimchukue sasa. Najua mama yake anamlilia. Najua unaogopa mikokoteni ya Kariakoo, na una haki, mie mwenyewe naiogopa. Najua pia kijijini kuna utulivu, atasikia kila kitu. Lakini atasikia kwa sababu hakuna cha kuchagua, na siku akitoka hapo atakuwa yule yule aliyekuwa anamwitikia muuza mkaa. Huko hakuna Taraben. Na ukuta wa kutazama nani atautazama?

Tena nikwambie mwenyewe alivyosema. Jumatano nilimweleza kwamba baba yake anakuja kumchukua. Akaniangalia usoni akasema, "Babu, nataka nibaki mpaka niyajue mapigo yote." Ndivyo alivyosema, sijaongeza wala sijapunguza. Sasa wewe baba mtu utamfanyaje mtoto wa namna hiyo?

Nisalimie mama Kuruthumu, umwambie binti yake anafanana naye anapokasirika. Nisalimie mama yako Sabaha na mguu wake. Mwambie mzee Kitwana bado anadaiwa hadithi ya yule fisi, aimalize kabla hajafa au mie sijafa. Bi Severa anawasalimu, amesimama hapa nyuma yangu anataka kujua nimemwandika vipi. Mungu awafungulie njia na riziki, awaepushie nguruwe na homa, na awape usingizi mzuri, hata kwenye magodoro ambayo sikuyajaza mie.

Wako akupendaye daima,
Baba yako mkubwa,
Uwesu.

Shaibu, nilishaibandika bahasha, nimeifungua tena. Hayo yote ni kweli, tabla, ukuta, karai, ile Jumapili, waulize watu wa nyumba. Ila yale maneno ya Jumatano mtoto hakuyasema. Sijamwambia kwamba unakuja. Nimeyatunga nikiwa mlangoni, lori la vitunguu lilipoondoka.

Anayetaka abaki ni mie. Yeye anataka nini sijui. Kuna siku anaimba nyimbo za kwenu anapofua. Basi njoo umwulize mwenyewe, njia ikifunguka. Usimpeleke chumbani, mwulize hapa hapa uani na makelele yake, kwa sauti ya kawaida, mara moja tu. Mie nimeshindwa kumwuliza, maana siku hizi anasikia, na atanijibu.