Minyoo Kwenye Tangi la Baba

Tarehe 2 Machi

Mdogo wangu,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Ukiuliza hali yangu, mgongo unauma kwa kuinamia cherehani, mengine salama. Nyie je? Baba analala vizuri? Mkono wake wa kulia umeanza kushika kitu?

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu wewe na mimi tunaishia kukatiana, na hili ni jambo la kusomwa mara mbili. Tangi la samaki la Baba limeingia minyoo. Si ile minene yenye manyoya inayokaa chini ya mawe, ile aliyosema tuiache ifanye usafi. Hii ni bapa, rangi ya kutu, ndogo kuliko punje ya mchele, na imetandaa juu ya matumbawe mpaka yamenywea. Wale samaki wawili wa rangi ya machungwa bado wazima. Dukani wameniuzia dawa ya matone, lakini sijathubutu kuitia kabla Baba hajasema neno.

Muulize. Andika maneno yake kama atakavyoyasema, usiyapunguze.

Nyumba ni kimya. Tangu alipopata kiharusi ukamchukua na lile begi moja, sebuleni tumebaki mimi, cherehani na pampu ya tangi. Ulisema kwako ni karibu na hospitali, nami nikakufungulia mlango. Lakini miaka kumi na moja nimekaa naye mimi, wewe ukija unakunywa chai na kuangalia saa. Hilo halijanitoka.

Dada yako


Tarehe 9 Machi

Dada,

Shikamoo. Pole na mgongo, weka mto kwenye kiti kama nilivyokwambia. Sisi hatujambo. Mkono bado, mguu afadhali.

Barua yako nilimsomea Baba nikiwa nimemaliza kumwosha. Maneno yake yanaburuta kidogo, lakini akili iko palepale. Amesema hivi:

“Mwambie dawa aitupe. Minyoo ikifa yote kwa mara moja inaachia sumu ndani ya maji, na samaki watafuata. Achukue mpira mwembamba wa hewa, ainyonye kila asubuhi, kidogo kidogo, maji yaende kwenye ndoo. Chakula cha samaki kiwe cha kushikwa kwa vidole viwili, mara moja kwa siku, basi. Halafu atafutiwe yule samaki mdogo mwenye mistari sita ubavuni. Huyo anaila hiyo. Na afunike tangi kwa wavu, maana huyo huruka.”

Samaki nimemnunua mimi. Atakuja na basi la Alhamisi, kwenye mfuko wa maji ndani ya ndoo yenye kifuniko. Mpokee mapema.

Sasa nikwambie la moyoni. Mimi ndiye ninayemwosha Baba, ninayemkata kucha, ninayemfunga vifungo vya shati kabla sijakimbilia kazini kupokea watu wenye meno mabovu. Akifungua macho asubuhi, neno la kwanza ni tangi, la pili ni wewe. Jana amesema kama tangi linakufa atarudi huko, na kwa hasira hiyo ameshuka ngazi tisa kwa fimbo. Bwana wa mazoezi kutoka hospitali alipiga makofi. Mimi sikupiga. Nimeishi na baba yangu miezi miwili tu tangu nitoke nyumbani, na sitaki aondoke. Kwa hiyo minyoo hiyo iishe, na iishe upesi.

Mdogo wako


Tarehe 23 Machi

Mdogo wangu,

Hamjambo huko? Mimi mzima, ila vidole vimechubuka kwa sare za shule, shule nzima imeamua kuraruka magoti kwa wakati mmoja.

Samaki wako alifika salama, ana maringo kama mwenye nyumba. Ameshanenepa, tumbo linaonekana. Nanyonya kwa mpira kila asubuhi mpaka midomo inakauka kwa chumvi. Wavu nimeuweka. Kila alichosema Baba nimefanya.

Lakini minyoo inazidi. Upande wa kushoto wa mwamba sasa ni rangi ya kutu tupu. Kioo nacho kinaota ukijani, nakifuta asubuhi, jioni kimerudi. Mimi fundi nguo, siyawezi mambo haya peke yangu. Mwambie Baba sidhani kama tangi litafika mwezi wa sita bila yeye. Msomee barua hii yote.

Kiti chake nimekifua kitambaa. Kipo palepale mbele ya kioo.

Dada yako


Tarehe 30 Machi

Dada,

Shikamoo, na pole kwa vidole.

Sikumsomea. Barua yako niliikunja nikaiweka kwenye droo ya vijiko, nikamwambia minyoo imekwisha. Aliniuliza, “Yote?” Nikasema yote, samaki wa mistari ameila, matumbawe yamefunguka. Akaitikia kwa kichwa. Jioni tulikaa tukatazama taarifa ya habari pamoja, na sikusikia neno tangi hata mara moja. Nilifurahi, sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Wewe umekuwa naye miaka kumi na moja. Niachie mimi huu mmoja. Tangi lenyewe ni maji na chumvi.

Mdogo wako


Tarehe 6 Aprili

Salamu nitazileta siku nyingine.

Umemdanganya mgonjwa juu ya kitu pekee anachokiuliza. Ulipokuwa mdogo ulikuwa unaficha viatu vya Baba ili asiende kazini, na sisi tukacheka. Nilidhani umekua.

Usiniandikie mpaka uwe na la kweli.

Dada yako, bado


Tarehe 27 Aprili

Dada,

Shikamoo. Nina la kweli, kwa hiyo naandika.

Baba aliacha. Siku ile ile niliyomwambia minyoo imekwisha, ule mpira wa kuminya wa mazoezi ya mkono aliuacha ukabingirika chini ya kitanda, na hakuuliza umekwenda wapi. Ngazi hakuzitaka tena. Bwana wa mazoezi alikuja mara tatu, Baba akamgeuzia uso ukutani. Mara ya tatu yule bwana aliniita ukumbini akaniambia mguu ule usipotembezwa miezi hii utakakamaa, na hautarudi. Nikamuuliza Baba ana nini. Akasema, “Sina kitu. Huko wamemaliza bila mimi, vizuri.” Ndivyo alivyosema, kwa upole, na mimi nikaenda jikoni nikalia kwenye sinki.

Nilichokitaka nilikipata, Dada. Nilimpata Baba mzima mzima, na alikuwa amelala.

Juzi nilifungua droo ya vijiko nikamsomea barua yako ya tarehe 23, yote, na nikamwambia kwamba nilimdanganya. Alifumba macho. Nikajua sasa atanifukuza nyumbani kwangu. Akasema, “Soma tena pale kwenye kioo.” Nikasoma tena. Akaniuliza, “Samaki kanenepa?” Nikasema ndivyo ulivyoandika.

Akasema, “Minyoo haizidi kwenye tangi lenye njaa. Samaki ana kitambi, kioo kinaota ukijani, na minyoo inaongezeka? Huyo dada yako anailisha.”

Halafu akacheka, mpaka nikamshika kifua kwa kukohoa. Sijamsikia akicheka tangu augue. Akasema kikulacho ki nguoni mwako, na nguo zenyewe kashona fundi. Kisha akaniomba viatu vyake.

Ni kweli, Dada?

Mdogo wako


Tarehe 2 Mei

Mdogo wangu,

Naomba uwe mzima wa afya, na Baba pia. Mimi mwili hauna neno. Uso ndio sijui niuweke wapi.

Ni kweli. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu Baba ameimaliza akiwa kitandani kwako.

Wiki ya kwanza alipokuja yule samaki, minyoo ilipungua kabisa. Matumbawe yakaanza kufunguka, na mimi badala ya kufurahi nikaogopa. Ikiisha, mtaniandikia nini? Nikaanza kutia chakula asubuhi, mchana na jioni, kwa kiganja badala ya vidole viwili. Samaki walishindwa, kikazama, kikaoza kwenye mawe, na minyoo ikastawi. Nilikuwa nanyonya asubuhi kile nilichokilisha jana yake. Nilitaka Baba asikie tangi linakufa aje. Ningeweza kuwaua wale samaki wawili aliowalea tangu wewe uko shule, na nilijua, na bado nilitia.

Nilikuwa na kijicho, mdogo wangu. Wewe unajua kucha zake zimekua kiasi gani, mimi najua maji yana chumvi kiasi gani. Nilipokuandikia kuhusu viatu vya Baba, mkono huo huo ulikuwa unanuka chakula cha samaki.

Nimeacha. Leo siku ya tatu, ni vidole viwili. Kama amefurahi huko, abaki. Siombi tena kwa mlango wa nyuma.

Dada yako


Tarehe 10 Mei

Dada,

Shikamoo. Sisi wazima, na mmoja wetu mzima kupita kiasi.

Barua yako nilimsomea mstari kwa mstari, sikuacha kitu. Akasema, “Nitakwenda.” Nikamuuliza ni kwa ajili ya tangi au kwa ajili yako. Akasema, “Nipe fimbo.”

Jumanne ameshuka ngazi zote arobaini na mbili. Amepumzika mara tatu. Nilitembea mbele yake kinyumenyume, mikono nimeinyoosha, naye ananiambia nitoke njiani. Safari hii nilipiga makofi.

Nitamleta Jumamosi na basi la asubuhi, nirudi jioni, kazini hawajanipa siku. Chai yake iive sana, sukari kijiko kimoja, atakuambia viwili, usimsikilize. Mkono wa kulia ndio unaingia kwanza kwenye shati. Amesema usiimalize minyoo yote, umwachie ya kunyonya mwenyewe kwa mkono ule mbovu, ndiyo mazoezi yake.

Roho inaniuma. Shati zake nimezikunja, nikazikunjua, nikazikunja tena ili kazi ichelewe kuisha. Usinishukuru. Bado sijawa tayari kushukuriwa.

Mdogo wako


Tarehe 21 Mei

Mdogo wangu,

Salamu kutoka kwetu sote. Ulifika salama? Uliondoka bila kumaliza chai, na safari hii hukuangalia saa, nilikuona.

Baba anakaa mbele ya tangi kila asubuhi, mpira mkononi. Vidole vinatetemeka, maji nusu yanaingia kwenye ndoo na nusu kwenye sakafu yangu. Leo ameukamata mpira kuanzia mwanzo mpaka mwisho wa kazi. Yule mwenye mistari sita amepungua tumbo na sasa anafanya kazi. Matumbawe yamefunguka yote, hata lile la kona.

Nilidhani nimeshinda, nikwambie ukweli. Sasa sikiliza. Tangu umwache hapa ameniita kwa jina lako mara sita, nimehesabu. Chai yangu anasema ina maji. Nikimfunga vifungo anasema wewe huanzia chini. Akifungua macho asubuhi hatazami tangi, anauliza, “Mdogo ameshafika kazini?” Nimemjibu vizuri mara mbili, mara ya tatu nimejifanya sijasikia. Wivu umenikaba hadi nimeshona mkono wa shati kwenye mfuko.

Jana nilimulika mwamba wote kwa tochi, mbele, nyuma na chini. Hakuna mnyoo hata mmoja. Nikamwambia Baba nitakuandikia kwamba imekwisha. Akaniambia nikae, nichukue kalamu, niandike anachosema. Nami naandika maneno yake kama alivyoyasema, sijayapunguza:

“Mwambie minyoo imerudi. Iko nyuma ya mwamba, mimi na dada yake macho yetu hayafiki. Aje Jumamosi.”

Dada yako