Anayesaga Meno Usingizini

Dada yangu mpendwa,

Lile jino langu la nyuma lililopasuka sasa litavikwa kofia ya kauri ya kulifunika. Daktari wa meno alinisogezea mdomoni vijino vya mfano, akitafuta rangi inayofanana na yangu. Sikujua weupe una aina nyingi hivyo. Msaidizi wake akasema, "Huyu weupe wake ni wa chai ya maziwa." Nilitaka kucheka, lakini mdomo ulikuwa umekufa ganzi.

Kisha daktari akauliza kama huwa nasaga meno usingizini, maana hilo nalo hupasua meno. "Unalala na nani chumbani?"

"Peke yangu."

Baba, aliyekuwa amenisindikiza, akakohoa. "Alikuwa akilala na dada yake. Yeye ndiye angejua." Akatazama dirishani. "Muulize."

Tangu mgombane naye ukachukua begi lako, alikuwa hajawahi kukutaja.

Basi nakuuliza: nilikuwa nasaga meno ulipokuwa hapa, au nimeanza ulipoondoka? Ikiwezekana, njoo ulale kwenye kitanda chako usikilize mwenyewe. Daktari anasubiri jibu. Baba naye ameshaniuliza mara mbili kama nimekuandikia.

Mdogo wako,
anayetafuna upande mmoja