Kilichoachia Si Kazi ya Shemeji Yangu

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Mama Msasa (la kwenye kitambulisho limeandikwa jaladani)
Umri: Miaka 54
Kazi: Fundi rangi za vyuma
Makazi: Nyuma ya karakana ninayofanyia kazi

Mimi ni mtajwa hapo juu. Nimekuja kituoni kwa miguu yangu, sikuitwa. Nimekuja kwa sababu mmemweka ndani shemeji yangu, mume wa marehemu dada yangu, fundi wa kuchomelea, mkidai kazi yake mbovu ndiyo iliyomwangusha fundi cherehani kutoka ngazini. Si kweli.

Miaka mitatu iliyopita karakana yetu ilitengeneza ngazi ya nje ya jengo la maduka. Shemeji alichomelea, mimi nilipaka rangi. Mabomba ya kujishikia upande wa kulia, unapopanda, yalikuwa mapya. Ya kushoto, kwa amri ya tajiri wetu mwenye karakana, yalitoka kwenye rundo la uani, yamenyeshewa msimu mzima wa mvua.

Mimi nina utaratibu wangu. Chuma nakisugua kwa brashi ya waya, nakipiga msasa, nakisafisha kwa thina, kisha nakipangusa kwa kitambaa cheupe. Kitambaa kikitoka cheupe, napaka rangi nyekundu ya kuzuia kutu. Kikitoka na wekundu, narudia. Shemeji hunitania kwamba hata mume nilimpangusa kwanza ndipo nikakubali posa.

Mnamo tarehe 9 mwezi wa sita mwaka huo, saa nne asubuhi, nilikuwa nimemaliza upande wa kulia. Nikapangusa wa kushoto. Kitambaa kilitoka kama kimefutia matofali. Nikamwambia tajiri nahitaji siku mbili. Akasema, "Ufunguzi ni kesho. Paka, nani ataona?" Nikamjibu, "Kutu itaona. Ukiifunika inakula ndani kwa ndani." Akasema, "Wewe mama, kazi yako ni brashi, si mdomo."

Niliweka brashi chini. Tajiri akakunja mikono ya shati, akapaka upande ule mwenyewe, juu ya kutu, kwa mkono wake. Saa nane alikuwa amemaliza. Ulimeta kuliko wangu, na akanicheka mbele ya mafundi.

Sasa andika na hili, afande. Nilinyamaza. Miaka mitatu nimepeleka nguo zangu kwa fundi cherehani, ghorofani kwenye jengo hilohilo. Kila mara nilipanda nikishika upande wa kulia, na sikumwambia yeye kwa nini. Hilo ni kosa langu, linaniuma.

Mnamo tarehe 22 mwezi huu, saa tatu asubuhi, alikuwa anashuka na mzigo wa nguo. Akashika upande ule aliopaka tajiri. Bomba likakatika, akaanguka hadi chini, akavunjika mguu. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hapa aliyekataa kusikia ni mmoja na aliyevunjika guu ni mwingine.

Saa sita mchana nilifika pale nikakuta mnunuzi wa vyuma chakavu ameitwa na tajiri kuchukua lile bomba. Haraka ya nini, mwenye jengo mwenyewe hajalitazama? Nililikalia. Nimejaliwa uzito, hakuna aliyeninyanyua. Mnunuzi akachoka, akaondoka, nami nikalibeba nyumbani.

Jioni tajiri akaja kwangu na karatasi iliyokwisha kuandikwa, niseme kilichoachia ni pale alipochomelea shemeji. Akanikumbusha nimekaa kwake miaka kumi na tisa. Nilimwambia miaka hiyo nimeitolea jasho, hakunipa sadaka. Karatasi yake alirudi nayo bila sahihi yangu.

Bomba ni hili hapa mezani. Tazameni wenyewe. Pale alipochomelea shemeji pamebaki pazima. Palipokatika ni shubiri moja juu yake, chuma kimeliwa hadi kimekuwa chembamba kama kopo la maziwa, na rangi bado inameta kwa nje. Kisha nendeni mkakwangue upande wa kulia. Mkikuta kutu chini ya rangi yangu, nifungeni mimi.

Nimesema niliyoyaona na niliyoyatenda. Yeyote akiniuliza nje ya kituo hiki, nitasema hayahaya.

Sahihi ya shahidi: (imetiwa)

MAELEZO YA AFISA: Nimemsomea shahidi maelezo yake, amekiri ni sahihi. Kipande cha bomba kimepokelewa kama kielelezo. Nimekikagua, na sehemu iliyochomelewa haijaachia. Nilimtahadharisha shahidi kwamba aya inayohusu kunyamaza kwake inaweza kutumika dhidi yake, na kwamba anaweza kuomba iondolewe. Alikataa. Alisema: "Iache. Ukiifuta hiyo, na wewe umepaka juu ya kutu." Imeachwa kama alivyoitamka. Shahidi hajaondoka. Amekaa kwenye benchi la mapokezi, anasema anamsubiri shemeji yake.